Matarishi Wawili, Kengele Moja

Jumatatu nilikaa kwenye benchi la ofisi moja ya serikali karibu na Mnazi Mmoja, nikingoja kibali cha ngoma ya harusi iliyokwisha kupita tangu Ijumaa. Kando yangu alikaa mzee mmoja wa Kariakoo, tarishi aliyestaafu mwezi uliopita baada ya kumtumikia Mjerumani na kisha Mwingereza. Hakuwa na shida yoyote pale. Alikuja kumkodolea macho aliyeshika nafasi yake.

"Shikamoo, mzee," akaamkia tarishi mpya aliyesimama mlangoni kwa bwana.

"Marahaba. Kofia hiyo umeivaa, au imekuangukia?"

"Bwana Mkubwa anaipenda hivi hivi."

Mzee akauliza, "Kakwambia mwenyewe?"

Kengele ya Bwana Mkubwa ikalia ndani. Wote wawili wakaikimbilia. Mzee akawahi mlango. Akatoka na faili kwapani, anang'aa kama bwana harusi.

Tarishi mpya uso ukamshuka. "Kakupa wewe?"

"Mimi! Mkono wake unanijua."

"Hakushangaa kukuona?"

Mzee akakaa taratibu, faili mapajani. "Hakuinua macho," akasema.

Mwenzake akavua kofia, akaketi naye. Nilishuhudia wivu wa watu wawili ukipoa kwa dawa moja: bwana asiyejua yupi ni yupi.