Kompyuta ya Ensio Isiyozimwa

Ukitaka Ensio Kettunen akuchukie maisha yako yote, mwambie azime kompyuta. Loo! Mafundi simu wa zamani wana mambo yao, ila huyu alipitiliza. Tangu astaafu, mashine yake ilikaa chini ya meza ya jikoni ikivuma mchana kutwa na usiku kucha, na mgeni akiingia, hata viatu hajavua, anaambiwa imewaka tangu lini bila kupumzishwa. Wenzake wa klabu ya kompyuta walikuwa vivyo hivyo, wazee wanaotumia mfumo huru, ule usiouzwa wala kununuliwa, wakishindana mashine ya nani imekaa zaidi bila kuzimwa. Wazee wengine hujivunia wajukuu.

Hakuwa mtu mbaya, tuambizane ukweli. Nani kijijini kwetu hakutengenezewa redio au jiko la sauna, chumba cha kuogea mvuke, na Ensio, kwa malipo ya kahawa na kipande cha mkate wa iliki? Kasoro yake ilikuwa moja tu: kitu kizima hakikumpa raha. Lazima akichokonoe.

Mwanzoni mwa Aprili akafa Kalervo, mume wa dada yake Lempi. Ugonjwa wa koo ulikuwa umemnyang'anya sauti tangu zamani, na miaka yake ya mwisho alikuwa akiongea kwa mikono na nyusi. Huyo ndiye mtu aliyekuwa akiita ng'ombe wake hadi ng'ambo ya ziwa wanasikia. Sasa kilichomliza Lempi hakikuwa kifo peke yake.

"Najaribu kumsikia kichwani," alimwambia kaka yake. "Sisikii kitu. Nimeisahau sauti yake, Ensio. Mume wangu mwenyewe!"

Ensio moyo ukamuuma. Akakumbuka kanda zake za video za zamani, akazitafuta darini, akazihamishia kwenye kompyuta na kutengeneza filamu fupi. "Nyamaza, dada. Siku ya mazishi, kwenye kahawa, utamwona na utamsikia. Nakuahidi."

Marketta, binti yake Lempi, alimjua mjomba wake. "Mjomba, si uniwekee kwenye flashi nije nayo mimi?"

"Flashi ni za watoto wa shule. Naleta mashine yangu yenyewe."

"Basi usiiguse mpaka tumzike baba. Nakuomba."

"Wewe mtoto, mimi nimefunga simu wilaya hii mama yako hajaolewa!"

Akaigusa. Ijumaa, kesho yake ndiyo mazishi, toleo jipya la mfumo likatoka. Mtu mwenye akili angesubiri Jumatatu. Ensio aliona wenzake wa klabu watamtangulia, mate yakamjaa mdomoni, akaliingiza. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa usafi, akafagia vya zamani vyote, pamoja na kile kiini cha mfumo ambacho kadi yake kuukuu ya picha, kile kifaa cha kupeleka picha kwenye skrini, ilikizoea. Mashine ikamwambia: zima, uwashe upya. Azime? Yeye? Akaipuuza. Akaicheza filamu, ikaenda vizuri kabisa, maana mashine ilikuwa bado inaishi kwa mambo ya zamani iliyoyashika tangu ilipowashwa. Akalala ameridhika.

Jumamosi hapakuwa na ujanja. Kompyuta ya mezani haibebwi na umeme wake. Akachomoa waya, akaifunga kwa blanketi, akaipeleka kwenye ukumbi wa usharika.

Kalervo akazikwa kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka. Ukumbini watu wakanywa supu ya samaki, wakakata keki ya mkate, ile ya chumvi ya misibani, mchungaji akasoma rambirambi kutoka kwa walioshindwa kufika. Mapazia yakafungwa, mashine ikaunganishwa na projekta ya ukumbi. Lempi alikuwa amekaa mstari wa mbele, kitambaa mkononi, macho yameganda ukutani. Ensio akawasha.

Maandishi meupe yakapita mbio, ukuta ukawa mweusi. Pembeni juu kikabaki kistari kimoja kinachopepesa. Basi.

Ensio alielewa papo hapo, na kuelewa kwenyewe kulikuwa adhabu. Draiva, ile programu inayoiwezesha kadi ya picha kuonyesha kitu, ilikuwa ya kiini cha zamani, na toleo jipya lilikuwa limeshaziacha kadi kuukuu kama yake. Ukikwama hivyo unarudi kwenye kiini cha zamani, hata mgeni wa jana klabuni anajua. Lakini cha zamani alikitupa kwa mkono wake. Akailazimisha mashine ionyeshe picha hivyo hivyo bila draiva, ukuta ukabaki mweusi. Ujanja mwingi mbele giza.

Watu wa kwetu hawazomei. Waliangalia vikombe vyao. Mmoja alikoroga kahawa isiyo na sukari. Ensio alitamani mtu acheke, au amtukane, chochote, kuliko ule ukimya uliomkaa mgongoni.

"Ni projekta hii," akasema kwa sauti. "Imechoka. Nani anaitunza?"

Jamani, Ensio!

Aarne, mtunza ukumbi, akasimama, uso umemwiva. "Jana ilikuwa nzima."

"Jana si leo."

Aarne hakubishana. Alikwenda mbele ya Lempi akainamisha kichwa. "Mama, unisamehe. Ningeijaribu asubuhi. Nakaa hapo tu, ngoja nikalete televisheni yangu." Akatoka bila hata kufunga koti.

Ensio akapiga magoti nyuma ya meza, akijifanya anakaza nyaya. Alimwona Aarne kupitia mlangoni akivuka matope mbio, mzee mwenzake, na hakumwita. Akamnong'oneza Marketta, "Una flashi? Nihamishie filamu kwenye televisheni."

"Ulisema ni za watoto wa shule, mjomba. Sikuja nayo."

Aarne akarudi ameikumbatia televisheni, anahema, suruali imelowa hadi magotini. Wakaunganisha. Skrini ikawaka, ikawa nyeusi, na pembeni juu kistari kilekile kikapepesa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia mbele ya usharika mzima. Aarne akaitazama ile skrini, kisha akamtazama Ensio.

Ensio akasimama. "Projekta ni nzima," akasema. "Aarne hana kosa lolote. Nimeharibu mimi, jana. Niliambiwa nisiguse, nikagusa. Halafu nikamsingizia mtu mbele ya jeneza... mbele ya msiba wa dada yangu. Naona aibu, basi. Naona aibu sana."

Lempi peke yake ndiye aliyeuliza, polepole, "Sasa Kalervo yuko wapi?"

"Yumo humu humu, dada. Hajapotea. Haonekani tu."

"Mimi kumwona nilimwona kila siku mpaka anakufa. Na sauti?"

Muda wote Ensio alikuwa akipigana na picha, na sauti haina haja na kadi ya picha hata kidogo! Lakini sauti ilitaka spika za ukumbi, na spika zilikuwa chini ya mkono wa Aarne. Ikabidi amwendee, hatua kwa hatua, kila mtu anatazama.

"Aarne, ndugu yangu. Sistahili. Naomba waya wa spika."

Aarne akauleta mwenyewe, akauchomeka mwenyewe. "Kwa ajili ya Lempi," akasema.

Ensio akaandika gizani amri ya kucheza sauti peke yake. Upepo ukavuma ukumbini, ng'ombe akalia, halafu sauti nene ikajaza chumba:

"Ensio! We Ensio! Acha kuichokonoa hiyo kamera, bwana, si inafanya kazi? Lempi, hebu mwambie kaka yako, siku moja atakuja kutuharibia shughuli huyu!" Kikafuata kicheko kikubwa cha Kalervo, kile cha kuamsha ng'ambo.

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mchungaji. Hata Aarne aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Ensio hakucheka, alitamani sakafu immeze. Akanyoosha kidole aivushe sehemu ile, ifike Kalervo anapoimba.

"Weka mkono chini," Lempi akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hayafuti. "Ndiye. Ndiye yeye kabisa. Rudisha nyuma."

"Wapi, dada?"

"Hapo anapokusema."

Ensio akarudisha. Akapiga magoti mbele ya ukuta mweusi, na shemeji yake akamgombeza tena mbele ya kijiji kizima, kwa jina, kwa sauti ya spika nne.

"Tena," Lempi akasema. "Na uongeze sauti."