Nywele zake zimerudi, mimi ndiye ninayerudishwa kwetu

Admin, ficha jina langu na la mume wangu, lakini neno lingine lolote usilipunguze. Nina miaka ishirini na saba, ninaishi Goma, mtaa wa Katoyi, nimesoma sheria hadi chuo kikuu, na nimeolewa na mwanaume ambaye ninyi mkimwona kanisani mtamsifu. Mpole, msafi, kichwa kimejaa nywele nyeusi. Ninazichukia nywele hizo kuliko kitu chochote nilichowahi kukichukia.

Niwaeleze zilikotoka. Siku alipokuja kwetu kutoa mahari alikuwa na miaka thelathini na moja, na kipara kilikuwa kimeshapanda hadi utosini. Kwetu, familia za Butembo, bwana harusi siku hiyo hasemi. Anakaa kimya, na msemaji wa ukoo wake anamsemea kila kitu. Baba yangu mkubwa, ambaye hakuwa amewahi kumwona, alimkuta kwenye viti vya vijana, akamshika mkono. "Eh, muzee! Banakuweka huku na batoto? Kuya ukae na wazee benzako."

Hakuweza kukataa kwa sababu hakuruhusiwa kufungua mdomo. Akaketi katikati ya wazee, akapewa kasiksi, ile pombe ya ndizi, akainywa huku ametazama chini. Msemaji alipoomba bwana harusi asimame aonekane, akainuka kutoka pale pale. Watu wote waliangua kicheko. Shangazi yangu akapiga kelele, "Yoo! Tuliomba bwana, banatuletea babu!" Hata baba mzazi wa bwana harusi alifuta machozi ya kucheka. Mimi sikucheka. Kile kichwa nilikipenda jinsi kilivyokuwa, na nilimwambia hivyo kwa maneno ambayo sasa ninaona aibu kuyakumbuka.

Hakunisikia. Alianza na mafuta ya kupaka yaliyomwachia vidonda, kisha mwenzake wa kazini akamwelekeza kwenye vidonge vya kumeza kila siku, vinavyoletwa kutoka Kampala. Huyo mwenzake anavimeza mpaka leo bila shida yoyote, na juzi juzi amepata mtoto. Kwa mume wangu haikuwa hivyo. Nywele zilianza kuota, na kadiri zilivyoota, ndivyo alivyoacha kunitafuta. Kwanza alisema ni uchovu. Baadaye akawa anageukia ukutani kabla sijapanda kitandani. Nilipomgusa bega alishtuka kama mtu aliyeguswa na mgeni.

Mimi ndiye niliyemlazimisha twende kwa daktari. Daktari alituambia waziwazi kwamba dawa ile kwa wanaume wachache hupunguza nguvu na hamu, kwamba aiache tuone, na kwamba kwa wengi hali hurudi wakiiacha. Nilitoka pale ninacheka peke yangu kwa furaha. Hatukuwa tumefika hata barabarani, mume wangu akasimama.

"Nimesikia dokta," akasema. "Lakini siache."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Weye hukuchekwa."

Kama yangeishia hapo, ningevumilia na kungoja. Lakini mama mkwe alishuka kutoka Butembo kuja kutazama tumbo langu, akalikuta tupu. Alipokwisha kumhoji mwanawe, alinikalisha jikoni. "Mutoto wangu, mwanaume haizimike bure. Ni mwanamuke ndiye anamuzimisha. Masomo yako imekufanya baridi." Nilimtazama mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia kila neno. Akauliza kama chakula kiko tayari.

Wakanipeleka kwenye kikundi cha maombi. Wanawake wakaniwekea mikono kichwani, wakamkemea pepo wa ubaridi anitoke, wakanisukuma mpaka nikaanguka kwenye sakafu. Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Kila walipomkemea pepo yule, yeye aliitikia "Amina", kwa sauti kubwa kuliko wote. Asubuhi hiyo, kabla hatujatoka nyumbani, alikuwa amemeza kidonge chake mbele yangu kwa chai.

Sasa ukoo wake umeitisha kikao, Jumapili hii baada ya misa. Kitaamua kama nirudishwe kwetu. Baba mkwe atakuwepo, na kwa desturi yetu mkwe wa kike hatamki mambo ya chumbani mbele ya baba mkwe. Ni tusi kwake na kwa ukoo mzima. Mama yangu mzazi, ambaye anajua habari yote, amenionya, "Ukisema ile maneno mbele ya muzee, hata mimi sitakupokea."

Nilimpigia mume wangu magoti, mimi ambaye sijawahi kumpigia mtu magoti. Nilimwomba aseme yeye, sentensi moja tu, kwamba shida ni dawa.

"Nikisema, batanicheka tena."

"Na mimi wakinifukuza?"

"Weye uko na diplome. Utapata mwingine."

Akaenda kwenye kioo kuchana nywele.

Wafuasi wa ukurasa huu, msiniambie niombe, nimeshaombewa. Msiniambie nivumilie, maana anayevumiliwa hana mpango wa kubadilika. Nikinyamaza, nitarudi kwa mama nikiwa mwanamke mwenye pepo, na hakuna atakayenioa tena katika watu wetu. Nikisema, mume wangu atageuka kichekesho cha ukoo kwa mara ya pili, nami nitakosa mlango wa kwetu na wa kwake pia. Na ninakiri kwamba kuna saa ninatamani kusema, si kwa ajili ya kujiokoa, bali nimwone akichekwa. Hilo linanitisha kuliko kikao chenyewe.

Mwishoni mwa kikao msemaji wa ukoo wao atageuka aulize kama bibi ana neno. Wote watakuwa wananitazama, naye atakuwa ameketi pale na nywele zake. Nipeni shauri kabla ya Jumapili: nimjibu nini?