Fromaji ya Wakwe Kwenye Kasino ya Ziwa

Nilicheza kamari na fromaji ya wakwe, nikaipoteza. Ndiyo, mimi.

Mama aliinunua Goma, fromaji nzima ya Masisi, lile jibini la duara, tumupelekee Bukavu baba wa kijana anayeposa dada yangu. Ndani ya bato mawimbi yalimulaza mama, kitenge usoni. Mimi nikawatangazia abiria sheria niliyosoma kwenye simu: meli kubwa hufungua kasino zikishaacha pwani, maana huko sheria za nchi kavu hazifiki.

"Hata za mama!" niliongeza, nikatoa karata.

Muzee mwenye kofia nyekundu alinishinda mpaka pesa yangu ya biskuti ikaisha. Nikaweka fromaji. Akaibeba.

"Asante, mutoto. Leo nina wageni, watakula vizuri."

Bukavu, mama aliamini fromaji imo ndani ya mufuko niliobeba. Humo mulikuwa na koti langu, nimelikunja duara. Njia nzima niliomba mvua, tairi lipasuke, chochote. Mulango wa wakwe ukafunguliwa. Kofia nyekundu! Nyuma yake, mezani, fromaji yetu.

"Aa, patron wa kasino!" muzee alicheka. "Mama, huyu ni mutoto wako?"

Mama aliangalia fromaji, akaangalia mufuko, akaniangalia mimi.

"Hapana, papa. Tulikutana tu ndani ya bato."