Kengele Moja ya Kazi, Moja ya Mtoto

Saa moja kasorobo asubuhi, treni ya umeme inaingia kituo cha saba imejaa mpaka milangoni. Mwanamke aliye nyuma ya kioo cha mbele hageuzi shingo. Mkono mmoja uko kwenye kishikio cha mwendo, mwingine unangoja juu ya kitufe cha milango. Anahesabu kimoyomoyo. Zikitimia sekunde ishirini na tano, milango inajifunga na treni inaondoka.

Hatua hamsini mbele kuna kivuko cha waenda kwa miguu. Hapo anapiga kengele mara moja, kama kanuni inavyotaka. Lakini jicho lake linakimbilia kulia, kwenye uzio wa chuma uliobanduka rangi. Hakuna mtu. Kuna mfuko wa plastiki tu, umenasa na unapepea.

"Najua hayupo," anasema baadaye kwenye chumba cha mapumziko, chai inampoa mkononi. "Miezi saba sasa najua. Lakini jicho ni jeuri, halisikii la mtu."

Anayemtafuta ni binti yake wa miaka minane. Nyumbani wanamwita Chiriku, maana akianza kusema mpaka majirani wanachoka.

Mama huyu ana miaka thelathini na minne. Alianza kwenye njia hiyohiyo ya treni akiwa mkata tiketi dirishani. Nafasi za udereva zilipotangazwa walijitokeza watu arobaini, wakafaulu tisa, mwanamke akiwa yeye peke yake. Siku hiyo alilia kwa furaha, akampigia simu kila mtu aliyekuwa na namba yake.

Hakujua zamu ikoje. Treni za mjini zinahitajika zaidi watu wanapokwenda kazini na wanaporudi, basi na zamu ya dereva hukatwa vipande viwili: kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa nne asubuhi, kisha kuanzia saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku. Katikati analala kwenye kitanda cha chuma karakanani, ambako mabehewa huoshwa na kutengenezwa, kwa kuwa nyumbani saa hizo hakuna anayemngoja.

"Mtoto wa miaka miwili utamwamsha saa nane za usiku umpeleke kwa nani?" anauliza. Baba wa mtoto alikwenda mbali kutafuta kazi. "Akapata kazi, akapata na mke hukohuko," anasema bila kinyongo.

Chiriku akapelekwa kwa bibi, mama yake dereva, aliyekuwa anakaa jirani na kituo cha saba. Mama akabaki na chumba chake upande wa pili wa mji, karibu na karakana. Siku ya mapumziko ilikuwa moja kwa wiki. Akifika kwa bibi, usingizi unamchukua kwenye kiti hata viatu hajavua. Mtoto anakaa chini kumngoja aamke, mpaka naye anasinzia.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na wewe mzazi unayesoma hapa usiseme wewe usingelifanya.

Kila asubuhi ya shule, bibi alipita na mjukuu wake kwenye kile kivuko. Mama akiwa na treni, anawaona pale kwenye uzio. Dereva haruhusiwi kupunga mkono wala kufungua kidirisha. Lakini kengele pale ni ya lazima. Akaipiga mara moja kwa kanuni, halafu akaongeza ya pili.

"Moja ya kazi, moja ya mwanangu," anasema. "Nani angejua? Abiria hawahesabu kengele."

Usiku, kwenye simu, akamwambia mtoto: ukisikia kengele, mwanangu, ujue ni mama anakuita. Chiriku alikuwa na miaka minne. Maneno hayo alilala nayo na kuamka nayo. Alipofika miaka mitano, akisikia kengele akiwa ndani anakula, anaacha sahani na kukimbilia dirishani. Bibi alicheka. Majirani nao walicheka, wakasema mtoto huyu ana mama wa kwenye waya.

Hakuna aliyekaa chini akawaza kitu kimoja. Kengele ya treni kazi yake ni kumwambia mtu aondoke relini. Mji mzima ukiisikia unarudi nyuma. Mtoto mmoja tu alikuwa amefundishwa kuifuata.

Asubuhi moja, miezi saba iliyopita, ratiba ilibadilishwa. Treni ya saa moja kasorobo akapewa dereva mwenzake, mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu, wote humwita Miwani. Mama alikuwa nyuma, kwenye treni iliyofuata. Pale kivukoni mtu mmoja alikuwa anavuka huku kainamia simu. Miwani akapiga kengele. Mtu hakusikia. Akapiga tena.

Bibi alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu cha mjukuu. Kamba ikamchomoka mkononi.

"Nilimwona anakuja," anasema Miwani, akifuta miwani ambayo haina vumbi. "Watoto wengine wanavuka wanaangalia kule wanakokwenda. Huyu alikuwa ananiangalia mimi, na anacheka. Miaka ishirini na mitatu niko kwenye reli, sijawahi kuona mtu anakimbilia treni anacheka."

Alivuta breki ya dharura. Ndani, watu waliangukiana, na mwanamke mmoja wa makamo alivunjika kifundo cha mkono. Treni ilisimama hatua mbili kutoka kwa mtoto, ambaye alikuwa amejikwaa na kuchubuka goti. Miwani alishuka, akapiga magoti kwenye kokoto.

Mtoto akamtazama, akasema: "Wewe siyo mama. Mama yuko wapi?"

Treni za umeme hazingurumi kama malori. Zinakuja kimya, na kengele ndiyo sauti pekee zilizo nayo. Mwenye nyumba karibu na njia hiyo na awaulize wanawe leo, kabla hawajalala, kengele ile kwao maana yake nini. Asidhani wanajua. Bibi yule naye alidhani.

Mama hakungoja kuulizwa. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa zamu, akaeleza kengele ya pili tangu mwanzo. Akapewa onyo la maandishi. Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni maneno ya mama yake jioni ile.

"Umemfundisha mtoto kukimbilia kifo akidhani ni wewe," bibi alimwambia. "Mimi sina mbio tena. Namchukua, tunakwenda kwa mjomba wako, huko reli haifiki. Siku utakayokuwa na saa za kulea, njoo tuzungumze. Na hata hapo, mtoto mwenyewe ndiye atasema."

Kesho yake uzio ukawa mtupu.

Kwenye simu, Chiriku ambaye zamani hakuishiwa maneno alianza kujibu ndiyo na hapana. Mama anauliza umekula, ndiyo. Shule nzuri, ndiyo. Unataka nikuletee nini? Hapana. "Nikiuliza 'hujambo' ananijibu kama nesi," anasema, na anacheka kidogo kwa kicheko kisichofika machoni.

Aliandika barua tatu kuomba ahamishiwe karakanani. Kazi ya huko ni kusogeza treni tupu: kuiingiza kwenye maji ya kuoshea, kuitoa, kuipanga kwenye mstari. Mwendo wake ni kama wa mtu anayetembea. Saa za kazi ni mbili asubuhi hadi kumi jioni. Mshahara unapungua theluthi.

Wenzake hawakumwonea haya. "Dereva mzima unakwenda kuogesha mabehewa?" mmoja alimtania.

"Acha niogeshe," akajibu. "Mtoto wangu nilikosa kumwogesha."

Barua ya tatu ilijibiwa. Asubuhi ile ya mfuko wa plastiki kwenye uzio ilikuwa ya wiki yake ya mwisho njiani. Shule zilipofungwa, bibi akakubali Chiriku aje kwa mama wiki mbili, kwa kujaribu. Mwisho wake bibi angekuja mwenyewe, mtoto aseme kama anabaki au anarudi. Mama alinunua godoro la pili na kulisimamisha ukutani, akiogopa hata kulilaza chini kabla ya wakati.

Siku nne za kwanza mtoto alikaa kama mgeni. Anaomba ruhusa ya kunywa maji. Anasema asante kwa kila kitu, asante zile zinazomkata mzazi maini.

Siku ya tano waligombana. Chiriku aliambiwa akunje blanketi, akajibu kwamba kwa bibi blanketi halikunjwi. Mama akasema hapa si kwa bibi. Mtoto akasema ndiyo maana. Mama akapaza sauti, mtoto akanuna, akageukia ukuta mpaka wakati wa kula.

Kesho yake mama aliwasimulia karakana nzima. "Kaninunia kutwa," alisema, uso umemkunjuka kama mtu aliyepandishwa cheo. "Mtoto unayemwona kwa sekunde tatu hamgombani. Mtagombania nini?"

"Dada, watu wanatangaza harusi, wewe unatangaza ugomvi," Miwani alimwambia.

Jumamosi alimpeleka mtoto kwenye kile kivuko. Moyo wake haukutaka, lakini alimpeleka. Wakasimama wameshikana, treni ikaja, kengele ikalia. Mkono wa mtoto ulishtuka. Mama akamvuta nyuma hatua mbili, akamwinamia.

"Ikilia, rudi nyuma. Nani anaendesha haikuhusu."

"Hata kama ni wewe?"

"Hasa kama ni mimi."

"Sasa nitakujuaje?"

"Utanijua nyumbani."

Walirudia mara sita, treni sita, mpaka mtoto akawa anarudi nyuma kabla hajavutwa. Kisha wakakata tiketi mbili, wakapanda. Katika miaka yote ile hawakuwahi kukaa kiti kimoja ndani ya treni hiyo. Walipita vituo kumi na tisa mpaka mwisho. Chiriku aliuliza kama watu walioshikilia mikanda ya juu huwa wanalala wamesimama, na kwa nini mlango unasema pole ukifunga, na yule mwenye kofia anakwenda wapi, na mama alijibu yote aliyoyajua na aliyoyabuni.

Jumapili ya mwisho bibi akafika na kifurushi cha nguo za mtoto. Alikaa, akanywa maji, hakuzunguka. "Haya mjukuu wangu, useme. Tunarudi au unabaki?"

Mama alikuwa anaosha vyombo. Akaacha bomba linatiririka.

Chiriku alikitazama kifurushi, akakifungua, akapekua mpaka chini. "Bibi," akasema, "mbona begi la shule hukuleta?"

Kuna shule nyuma ya karakana, ng'ambo ya ukuta, upande usio na reli. Mama amekwisha kwenda kuulizia nafasi, akaambiwa ipo. Lango linafunguliwa saa moja na nusu, na zamu yake inaanza saa mbili. Toka chumbani kwao mpaka pale ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye haraka. Anasema wataondoka saa moja kamili.