Bangili Mbili Zilizobaki

Kaka yangu alikuwa hawezi kukaa bila kugonga. Kidole chake cha pete kinagonga mezani, kwenye bakuli, juu ya goti lake mwenyewe. Ta, ta, ta. Kwetu Unguja tukikisikia kile kidole tunajua ametoka kwenye karata za pesa na anataka kurudi. Akishika mlango husema, "Nakwenda kuangalia tu." Jina lake nalikumbuka, na majina ya wote aliokaa nao mkekani. Siyaandiki. Naogopa nikiyaandika watakuja kukaa hapa.

Mama alikuwa na bangili za dhahabu za kujaza mkono. Kaka alizimaliza moja moja, tena hakuiba, akiomba. "Mama, nipe hii tu, nikairudishe ile ya juzi." Kila moja ikaenda kumfuata mwenzake. Zikabaki mbili, kwa sababu nilizivaa mimi tangu mdogo, na hazikutoka hata kwa sabuni. Aliuvuta mkono wangu, akaona nalia, akauachia. Alifia bara. Hatukuletewa hata kofia yake.

Nilipoolewa huku Dubai, sonara wa soko la dhahabu la Deira alizikata akazipanua. Mjukuu wangu wa kike alipotimiza miaka kumi na sita, nikamvisha.

Tunakaa Mirdif, nyumbani kwa mwanangu. Siku moja mchana nilikuwa nachambua mchele, mjukuu wangu yuko kwenye kochi na simu yake. Ndege ikapita juu ya paa kama kawaida, na ilipokwisha kelele nikasikia. Ta, ta, ta. Kidole cha pete, mgongoni mwa simu.

Mchele ulinimwagika. Mtoto huyu hakuwahi kumwona kaka yangu, wala picha yake hakuna.

"Unafanya nini?"

"Nawekeza, Bibi. Kwenye dhahabu."

"Umenunua? Iko wapi?"

Akacheka. "Sinunui! Nabashiri tu, bei itapanda au itashuka kabla dakika haijaisha. Nikipatia, napata. Nikikosa, khalas, imekwenda."

"Na ikienda?"

"Naweka tena, nirudishe ile." Akanibusu shavuni. "Bibi yangu, usikasirike. Twende Deira tukaziuze hizi bangili, nina bahati wiki hii. Nitakununulia nne."

Nikamwambia, mimi dhahabu niliinunua kwa upatu, zamu yangu ikifika, nikaifungia sandukuni nikaendelea na kupika. Ndiyo iliyomsomesha baba yako.

"Na bei ingeshuka, Bibi?"

"Ingeshuka. Ningebaki na dhahabu, nikangoja. Wewe dakika ikiisha unabaki na nini?"

"Bibi, mambo yako ya zamani, ya kufukia pesa kwenye kopo la biskuti!"

"Haya. Nipe simu niitie kwenye kopo la unga mpaka Magharibi. Kama umewekeza, hicho kitu kitakaa bila macho yako. Ukiweza kungoja, twende Deira, nitakushika mkono mwenyewe."

"Yalla, Bibi! Rahisi hiyo."

Simu nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaizika ndani ya unga. Alasiri nikaenda kusali. Niko kwenye sijida nikasikia jikoni, juu ya meza. Ta, ta, ta. Kisha kimya. Kisha mfuniko wa kopo.

Nilitoa salamu nikaenda na shuka langu la kusalia. Mkono wa mjukuu wangu umo ndani ya unga mpaka kiwikoni, bangili zimekuwa nyeupe.

"Nilitaka kuangalia tu, Bibi."

Nikashika mlango. Naye aliuona uso wangu, akaogopa, akaanza kulia. Sikumgombeza. Nilimpeleka kwenye bomba nikamwosha unga, na bangili zikateleza zenyewe kwa sabuni. Akazishika kidogo, akanitia mkononi.

"Ziweke wewe. Nikiziomba usinipe. Hata nikilia, Bibi."

Simu aliichukua baba yake, akaifuta ile programu mbele yetu. Mimi bangili nimezivaa. Mkono umekonda siku hizi, kwa hiyo nalala nimeukunja kifuani.

Kugonga bado nakusikia. Kwanza natazama kidole cha mjukuu wangu. Siku nyingine ndicho kinachogonga. Siku nyingine mkono wake umetulia juu ya kitabu, na kugonga kunaendelea.