Joka Aliyepatikana Mapokezi

Alipofika miaka kumi na miwili sauti yake ilishuka ghafla, ikawa nzito kama ya mwanamume aliyeamka na mafua, na haikupanda tena. Shuleni wakambandika msichana huyo jina la Besi. Mwalimu wa kwaya alimpenda kwa bidii yake, lakini asubuhi ya mashindano alimvuta pembeni akamnong'oneza, "Wewe fungua mdomo tu, usitoe kitu." Akafungua mdomo nyimbo tatu nzima. Kwaya ikashinda, na kombe akalishika kama wengine, ila nyumbani hakusimulia.

Alipokua alipata kazi ya mapokezi hospitalini. Mwaka wake wa pili kipaza sauti kiliharibika na hakuna aliyehangaika kukitengeneza, kwa sababu Besi akisema, "Namba sitini na moja, chumba cha nne," hata waliotoka nje kupunga upepo walisikia. Miaka kumi na tisa aliita watu hivyo.

Siku moja mwanamke aliyemleta mama yake kupima presha alibaki kwenye benchi hadi foleni ikaisha, ingawa mama alishahudumiwa zamani. Akasogea dirishani.

"Dada, mimi ni mwongozaji. Tunarekodi kitabu cha kusikiliza, hadithi ya falme na majoka. Kila mhusika ana mtu wake. Tuko ishirini na wawili. Nimekosa joka."

Besi akamwangalia juu mpaka chini. "Ukaja kumtafuta hospitali?"

"Nilimleta mama. Joka nimemkuta."

Jioni Besi aliposimulia nyumbani, mumewe, fundi friji, alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoona mkewe hacheki, akajifuta machozi. "Haya, nenda. Ila wakikuuliza ulijifunzia wapi kutisha watu, mimi usinitaje."

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye kuta za sponji. Kwanza bangili zikavuliwa, maana zililia. Kisha likaja suala la gauni lake jipya, lililochakacha kila akivuta pumzi. Ikabidi aazime suruali ya pamba ya fundi mitambo na kuikunja mara tatu miguuni. Walipotulia, tumbo lake likanguruma.

"Hilo tunaliacha," fundi mitambo akasema kutoka nyuma ya kioo. "Joka ana njaa."

Mbele yake alisimama mwigizaji kijana wa jukwaani, mwenye sauti laini, aliyecheza mwana wa mfalme. Besi akaunguruma. Akakoroma. Akatisha kadiri ya uwezo wake, na kila mara mwongozaji akasema, "Tena." Baada ya saa nzima koo lilikuwa linawaka moto. Akatoka, akaketi kwenye ngazi na mkoba wake mapajani. Mwongozaji akaja kuketi karibu naye.

"Tafuteni mtu mwingine," Besi akasema. "Mimi nimezoea kuita namba."

"Hicho ndicho nilichokuja kuchukua. Huyu joka ana miaka mia tisa, dada. Apige kelele amwogope nani? Kwani pale kwenu mtu akiruka foleni unamfanyaje?"

Besi akanyanyuka, akarudi ndani.

Mwana wa mfalme akaanza: "Ondoka mlangoni, joka! Nina upanga!"

Safari hii hakunguruma. Aliinua macho taratibu kutoka kwenye karatasi.

"Upanga nimeuona," akasema. "Rudi nyuma, mwanangu. Kuna waliokutangulia."

Kijana akarudi nyuma hatua mbili, kweli, akagonga stendi ya maikrofoni.

Siku ya mwisho zilibaki kurasa mbili: joka anamuaga mwanawe aliyejifunza kuruka. Binti yake Besi alikuwa ameondoka nyumbani mwaka huohuo kwenda chuo. Besi alizisoma kurasa hizo mara moja tu, kwa sauti ya chini, na alipofika kwenye neno "nenda" akakaa kimya kabla ya kulitamka. Mwongozaji akasema, "Hii hairudiwi." Yule kijana, ambaye sehemu yake iliisha mapema lakini hakuondoka, akampokea karatasi.

"Mama, mimi kazi hii nimeisomea miaka minne. Siku moja nifundishe kunyamaza vile."

Kitabu kilipotoka, familia ilikisikiliza wiki nzima, simu ikiwa ndani ya bakuli ili isikike vizuri. Mama yake Besi alikuja pia. Katika sura ya tatu akauliza, "Huyu nani?"

"Ni mimi, mama."

"Sauti yako naijua, nimekuzaa. Nauliza huyu joka ni nani, mbona anaonewa?"

Jumapili mchana wakafika mwisho. Yakasomwa majina ya waigizaji, na la Besi likasomwa kamili: lake, la baba, la babu. Mumewe akarudisha nyuma, wakalisikia tena. Akarudisha mara ya tatu, kisha akakisimamisha kitabu na kwenda mlangoni kuwaita majirani.

Siku nyingine Besi angemzuia. Siku hiyo alisogeza viti, akaketi wima, akasubiri waingie.