Siri Yangu Niliyombandika Shemeji

Nilikosa, na sitaki kumsingizia shetani. Ni mimi, na mdomo wangu huu, na wivu!

Jina langu tuliache. Nina duka la mbegu hapa Kitale, lakini nilioa Kimilili. Kaka ya mke wangu nilimjua akiuza maziwa kwa baiskeli. Akawa mwalimu, kisha MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, huko Bungoma, na kila mtu akaanza kumwita Mheshimiwa.

Wivu ulianzia kwangu nyumbani. Nikinunua mabati, mke wangu anasema, "Asante Baba Wekesa," basi. Kaka yake akimwaga changarawe ya murram barabarani, anawapigia dada zake wote simu! Siku moja tukiwa kwa wakwe, firigisi, ile ya kumheshimu mgeni, ilipita mbele yangu ikaenda kwa sahani yake. Firigisi, bana! Nilikula ugali nikimwangalia akitafuna.

Mchujo wa chama ulipokaribia, nilikuwa kwa hoteli ya chai pale sokoni Kimilili. Wanaume wanamsifu, wanamsifu tu. Nikachoka. Nikasema, "Huyo? Mwulizeni alitahiriwa wapi."

"Ati nini?"

"Mimi si ni shemeji yake? Alilazwa hospitali, akadungwa ganzi."

Kama si wa huku hutaelewa. Kwetu kijana hutahiriwa alfajiri, amesimama bila ganzi nyumbani kwa baba yake, umati ukimtazama machoni. Akipepesa jicho ataambiwa mpaka azeeke. Wa hospitali, wanasema, hawezi kuongoza wanaume.

Na Mheshimiwa alisimama! Ila waliomwona ni wazee wa kijijini kwao, na uvumi haukuwangoja. Wa hospitali ni mimi. Baba yangu, mtu wa kanisa sana kule Endebess, alinipeleka kwa daktari. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Kila mkutano wakawa wanampigia kelele, "Vua tuone!" Kwenye mchujo akaanguka vibaya, akarudi kwa ng'ombe wake. Mke wangu alilia siku tatu, na mimi nimemshika bega nikisema pole, pole. Mnafiki mimi!

Agosti ikafika, zamu ya kijana wetu Wekesa. Hapo ndipo nilikumbuka kitu. Kabla ya kisu, kijana lazima aende kwa mjomba wake na njuga, mjomba achinje ng'ombe, amvishe nyama shingoni. Mjomba akikataa, hakuna tohara. Na mjomba ni nani? Woi!

Nilifuata nyuma ya waimbaji waliomsindikiza kijana kwa mjomba.

Alichinja fahali. Akamvisha kijana nyama akamwambia, "Usimame vizuri, mjomba. Usituaibishe." Kisha akaniita kando ya zizi.

"Shemeji, nilijua ni wewe."

Nikageukia ng'ombe wake, nikajifanya nawahesabu. Akaendelea:

"Na ile ya Endebess tuliijua kabla hujaoa. Si tulikuchunguza? Wazee walitaka kukataa posa. Mimi ndiye niliwaambia wanyamaze, kwamba wewe ni mtu mzuri."

"Sasa mbona hukuisema kwa mikutano?" nikauliza. "Si ungeshinda?"

"Na Wekesa angepita wapi hapa sokoni, wakimcheka baba yake?"

Akarudi kwa wageni wake. Wakati wa kula, akaniletea sahani yeye mwenyewe. Firigisi ilikuwa juu. Jamani, sikuweza kuimeza! Niliitema kwa kiganja nikaificha mfukoni, mtu mzima na mvi zangu.

Wiki iliyopita nilimwambia mke wangu yote. Hakupiga kelele, heri angepiga. Anapika, ananiwekea chakula, anatoka. Kaka yake akipiga simu, anaenda kuongelea nje.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anapanda cheo na roho inakuwasha, nyamaza! Usiseme hata nusu ya neno, kwa sababu hujui huyo mtu amekufunikia nini. Mimi siku ile kwa hoteli nilikuwa nimeshamaliza chai yangu. Ningelipa tu niende nyumbani.